Gari la Mzee Linunuliwe Magoti Yangali na Nguvu
Na Zuhura Mwinyimkuu

Mzazi akikaribia miaka 70, zawadi za wanawe hubadilika sura. Huanza kuja mashine ya kupimia presha, kandambili zisizoteleza, blanketi la umeme, kidude cha kuvaa shingoni ili akianguka abonyeze msaada uje. Si vitu vibaya, na vingine huokoa maisha. Lakini vikiandamana mwaka baada ya mwaka, mzee huelewa kwamba watoto wake wameshamhesabu mgonjwa. Ndiyo maana naitetea zawadi ambayo watu wengi wenye busara wataiona ya kipuuzi: mtoto aliyeko Uingereza, mwenye uwezo, kumnunulia baba au mama yake gari la spoti la Kiingereza la zamani, lile alilolitamani ujanani akalikosa, au alilokuwa nalo akaliuza. Naitetea kwa masharti mawili ambayo si rahisi kuyashika. Linunuliwe mapema, mwili ungali unaliweza. Na mzee mwenyewe ndiye alichague.

Hesabu ya umri inaeleza mengi. Jaguar E-Type ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Geneva mwaka 1961. Mwaka uliofuata zikatoka MGB, iliyoundwa Abingdon karibu na Oxford, na Triumph Spitfire. Zote mbili ziliendelea kuundwa hadi 1980, na MGB peke yake ilipita magari 500,000, mengi yakiuzwa Marekani. Aliyezaliwa 1952 alitimiza miaka 18 mwaka 1970, magari hayo yakiwa bado yanatoka kiwandani. E-Type ilikuwa ya wenye fedha, lakini MGB na Spitfire zilikusudiwa watu wa mshahara wa kawaida, na ndani yake mlikuwa na vyuma vilevile vya magari ya familia ya kampuni hizo. Kwa hiyo kijana wa ofisini au mwalimu mpya aliweza kulipata, na wengi walilipata. Kilichowatenganisha nalo, mara nyingi, ni familia. Gari la viti viwili halibebi kitanda cha mtoto wala mama mkwe wa kupelekwa kliniki. Mimba ikiingia, ndilo la kwanza kuuzwa. Mtoto yule leo ni mtu mzima mwenye mshahara wake. Sisemi anadaiwa, maana mzazi halipwi. Nasema zawadi hii ina uzito ikitoka kwake kuliko ikitoka kwa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa yeye ndiye aliyechukua nafasi ya gari lile.

Na tusidhani habari hii ni ya akina baba tu. Mwaka 1960 Pat Moss na mwenzake Ann Wisdom walishinda mashindano ya Liège–Rome–Liège, safari ya mchana na usiku kupitia milima ya Ulaya, wakiendesha Austin-Healey 3000 na kuwaacha nyuma wanaume wote. Wasichana waliosoma habari ile magazetini ni bibi za watu sasa, na si ajabu hakuna mtoto wala mjukuu aliyewahi kuwauliza wangependa gari gani.

Tuje kwenye mwili, kwa sababu hapo ndipo zawadi hii huharibikia. Kiti cha MGB kiko chini sana. Kuingia, mtu hukunja goti na kiuno, huupitisha mguu mmoja chini ya usukani, kisha hujiachia. Kutoka, hujiinua kwa nguvu za mapaja huku pa kushika ni pachache. Usukani hausaidiwi na mashine yoyote, hivyo kuegesha ni kazi ya mabega. Klachi inataka mguu wa kushoto wenye nguvu, na kwenye foleni mguu huo haupumziki. Katika zile za miaka ya mwanzo hata breki hazina kisaidizi. Mguu wa dereva ndio unaofanya kazi yote. Mtu wa miaka 66 mwenye afya huyamudu hayo na kuyafurahia. Yuleyule akifika 78, nyonga imeshafanyiwa upasuaji na vidole vina baridi yabisi, atabaki kuliangalia gari lake kupitia dirishani. Watoto hungoja mkopo wa nyumba uishe, wangoje wajukuu wamalize shule, wangoje siku ya kuzaliwa ya 80 ili sherehe ifane, na siku hiyo wanamkabidhi funguo mtu asiyeweza tena kuketi ndani. Nikipewa kuchagua kati ya gari lenye mikwaruzo la kununuliwa mwaka huu na gari linalong'aa la kununuliwa miaka kumi ijayo, nachukua la mikwaruzo bila kusita.

Kwa wazee walio wengi ningeshauri gari la MGB GT, lile lenye paa la bati na mlango wa nyuma, lililoanza kuuzwa 1965. Lile la wazi linapendeza zaidi machoni, hilo halina ubishi. Lakini paa lake la turubai lazima livutwe na kufungwa kwa mikono, mvua ya Uingereza haitoi taarifa, na upepo wa saa nzima humchosha mtu mzima na kumziba masikio. GT ni kavu, lina joto, na nyuma yake panaingia vikapu na fimbo ya kutembelea. Asiyeweza klachi atafute mojawapo ya yale machache yaliyotoka na gia za otomatiki kati ya 1967 na 1973. Usukani mzito nao una dawa siku hizi: fundi hufunga mota ndogo ya umeme chini ya dashibodi, mahali isipoonekana. Wapenda uasilia watanuna, na waachwe wanune. Gari ni la mzee, halikununuliwa kwa ajili ya makumbusho. Sababu kubwa zaidi ya kulichagua ni vipuri. Kwa kuwa liliundwa kwa wingi, karibu kila kitu chake bado kinapatikana, na tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage imekuwa ikitengeneza hata bodi nzima mpya. Triumph Stag ina mlio mtamu wa injini ya V8, lakini injini hiyo ina sifa ya miaka mingi ya kuchemka. E-Type nzuri bei yake inanunua MGB tano au zaidi. Adui wa MGB ni kutu. Gari hili halina chasisi ya pekee. Bodi yenyewe ndiyo chasisi, na mihimili iliyofichika chini ya milango ndiyo inayolizuia lisikunjike katikati. Rangi mpya inaweza kufunika mihimili iliyooza kabisa. Basi kabla hela haijatoka, fundi asiyejuana na muuzaji alinyanyue gari na kuikagua mihimili hiyo kwanza, kabla hata ya kuwasha injini. Injini iliyochoka hutengenezwa kwa gharama ya kueleweka. Bodi iliyooza inaweza kula fedha kupita bei ya gari lenyewe.

Sheria ya Uingereza inayapendelea magari haya, na upendeleo wake mmoja naupinga. Gari lililopita miaka 40 halilipi kodi ya barabara, na linaingia London bila tozo ya moshi. Hayo sawa. Lakini tangu Mei 2018 halilazimiki tena kupita ukaguzi wa kila mwaka, ule wa MOT, ikiwa halijabadilishwa sana. Hoja iliyotolewa ni kwamba wenye magari haya huyatunza vizuri na huyaendesha kwa nadra. Hiyo ni kweli kwa mpenzi wa miaka 50 anayelala chini ya gari lake kila Jumamosi. Mzee asiyeweza kuinama hawezi kuliona bomba la breki lililoliwa na kutu. Ukaguzi bado unafanywa kwa anayeutaka, bei yake haifiki hata pauni 60, na mtoto anayenunua gari hili aulipie kila mwaka bila kungoja kuombwa. Vivyo hivyo petroli. Tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida nchini humo ina hadi asilimia 10 ya ethanoli, ambayo hula mipira ya kizamani inayopitisha mafuta. Gari la umri huu litiwe ile ya bei ya juu yenye ethanoli kidogo, na mipira ibadilishwe yote siku ya kwanza. Mpira wa petroli ukipasuka juu ya injini ya moto, gari linaungua.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni ajali, na wanaolitoa wana ushahidi mkononi. Januari 2019 Prince Philip, akiwa na miaka 97, aligongana na gari jingine karibu na Sandringham. Alieleza kwamba jua lilimpiga machoni, na mwanamke mmoja katika gari lile akavunjika kifundo cha mkono. Mwezi uliofuata aliisalimisha leseni. Uingereza leseni huhuishwa mtu akifika 70 na kila baada ya miaka mitatu, lakini ni kwa kujaza fomu na kujieleza mwenyewe hali ya afya. Hakuna mtihani wa barabarani. Na magari ninayoyazungumzia hayana mifuko ya hewa wala breki za ABS, na milango yake ni bati jembamba. Siwezi kumwambia mtu kwamba ni salama. Ninachojibu ni kwamba Philip alikuwa akiendesha Land Rover ya kisasa, na kosa halikutoka kwenye gari. Mzee asiyefaa kuendesha MGB hafai pia kuendesha kile kigari kidogo anachokwenda nacho dukani kila siku. Familia inayomnyima lile na kumwachia hiki imepima chuma ikasahau kupima macho. Hata hivyo nakubali upande wa pili: hata dereva mzuri, akigongwa ndani ya gari hili ataumia zaidi kuliko ndani ya gari jipya. Kwa hiyo liendeshwe mchana, kukiwa kukavu, kwenye barabara za vijijini, mbali na malori ya barabara kuu, na wajukuu wasipandishwe kwenye kile kiti finyu cha nyuma.

Tena naamini gari la zamani humwambia dereva ukweli mapema kuliko jipya. Gari la leo linavuta breki lenyewe, linalia likikaribia ukuta, linajirudisha kwenye mstari. Uwezo wa mtu unaweza kupungua miaka mitatu asijue. Katika MGB gia zitakwaruzana, kuegesha kutamshinda, na yeye ndiye atakayekuwa wa kwanza kusikia. Stirling Moss, kaka yake Pat na mmoja wa madereva hodari waliopata kutokea Uingereza, aliendelea kushindana na magari ya zamani hadi uzeeni. Juni 2011, akiwa na miaka 81, alitoka kwenye mazoezi huko Le Mans akasema amejitisha mwenyewe, na papo hapo akatangaza kuacha mashindano. Hakuna aliyemnyang'anya funguo.

Kuhusu fedha, MGB GT nzuri ya kutembelea mara nyingi hupatikana kwa chini ya pauni 10,000. Nyumba nyingi za kulelea wazee Uingereza hutoza zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki. Anayesema fedha ziwekwe kwa ajili ya matunzo ya baadaye anazungumzia akiba ya wiki kadhaa tu, na gari lililotunzwa linaweza kuuzwa likarudisha sehemu kubwa ya fedha hizo, jambo ambalo gari jipya haliwezi. Lakini nazitenga familia zetu wenyewe, wale Waswahili wa Leicester na London ambao mshahara mmoja hulisha nyumba mbili, moja huko na nyingine Tanga au Mombasa. Kama kuna shangazi anayengoja operesheni, operesheni kwanza. Wala mtu asipange kumsafirishia mzee aliyeko Nairobi, maana kanuni za Kenya huzuia kuingiza gari lililotumika la zaidi ya miaka 8.

Wako watakaosema: kwa nini usimnunulie Mazda MX-5? Ilitoka 1989 ikifuata mfano wa Lotus Elan ya Waingereza, haivuji oili, na za baadaye zina mifuko ya hewa. Hoja hiyo ni ya haki, na kwa wazee wengine ndiyo jibu. Anayependa upepo na kona za barabara atafurahi ndani ya Mazda na kulala nyumbani kwake bila kusukumwa na wapita njia. Anayeipenda MG yenyewe, kabureta zake mbili za SU na mlio wake akipunguza gia, hataridhika na nyingine hata iwe bora namna gani. Anayejua yeye yuko kundi lipi ni mzee peke yake.

Ndiyo sababu naukataa mtindo wa kumshtukiza, gari limefungwa utepe mwekundu na simu kumi zinamrekodi. Furaha ile ni ya mtoaji. Mzee hupewa rangi asiyoipenda na kiti asichokiweza, akalazimika kutabasamu mbele ya watu. Apelekwe aketi ndani ya magari kadhaa. MG Car Club ipo tangu 1930, na kwenye mikusanyiko ya wapenzi wa magari haya si vigumu kumpata mwenye gari atakayemfungulia mlango. Mtoto abaki na kulipa, kutafuta, na kuhakikisha gari linatembea, maana likisimama miezi betri hufa, breki hushika na petroli huharibika. Na kuna mazungumzo ambayo watoto huyakwepa: nani atamwambia mzee kwamba imetosha, kwa dalili gani, na gari litakwenda kwa nani. Yafanyike gari likiwa bado la muuzaji, kwa sababu funguo zikishakabidhiwa, kila neno kuhusu macho yake atalisikia kama kunyang'anywa.