Haraka Yenye Baraka

Wenzangu waandishi chipukizi, leo nitawaudhi, na naanza kwa kujiudhi mwenyewe. Mnaujua wimbo wetu wa kijiweni: eti msanii wa kweli hakimbizwi, eti kazi ya kuagizwa, ya siku chache, inaua kipaji. Haraka haraka haina baraka, basi, mjadala umefungwa. Uongo mtupu!

Mchukueni Michael Ballhaus, Mjerumani, mpiga picha wa filamu, aliyezaliwa Berlin mwaka 1935 na kufariki 2017. Ujanani alimtazama Max Ophüls akitengeneza Lola Montès, filamu ya 1955 ambayo kamera yake haitulii, akashikwa na wazimu wa kamera. Je, alikaa nyumbani kungoja filamu kubwa imwite? Thubutu! Miaka ya 1960 alikuwa kituo cha televisheni cha Südwestfunk, Baden-Baden, akipiga michezo ya televisheni. Kisha akakutana na Rainer Werner Fassbinder, bwana asiyejua kupumzika. Katika miaka ya 1970 walifanya pamoja filamu zaidi ya kumi. Ile ya Petra von Kant, ya 1972, ilipigwa kwa siku kumi hivi, ndani ya nyumba moja tu. Na bado kila pembe ya chumba inasema jambo lake.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1974 wakatengeneza Martha, filamu ya televisheni. Mwanamke na mwanamume wanapishana. Wao wanazunguka, na kamera nayo inawazunguka, duara zima. Mzunguko ule ukawa saini ya Ballhaus. Mtauona tena katika The Fabulous Baker Boys ya 1989, Michelle Pfeiffer akiimba juu ya piano. Hollywood ilivuna kilichopandwa kwenye televisheni.

Na Martin Scorsese alimtakia nini? Mwaka 1983 studio ilikuwa imemfutia filamu yake kubwa. Akaamua kupiga After Hours (1985) kwa fedha kidogo, usiku baada ya usiku. Alihitaji mtu mwepesi wa mkono. Kuanzia hapo wakaja kufanya Goodfellas ya 1990 na The Departed ya 2006.

Mtaniambia hakupata Oscar. Kweli, aliteuliwa mara tatu akatoka kapa. Lakini nani kati yetu ameteuliwa kwa kungoja?

Mimi niliombwa mchezo wa redio wa dakika kumi na tano, niukabidhi Ijumaa. Nikajibu kwa maringo: "Mimi ni mtu wa riwaya, bwana." Aliyeuchukua leo wahusika wake wanaongea kama watu, wangu bado wanahutubiana kama wabunge. Riwaya yenyewe ina sura tatu, na huu ni mwaka wa nne.

Haya, niambieni: kinachoua kipaji ni haraka, au ni maringo? Ijumaa nyingine ikija, mimi naandika.