Hii Ni ya Pepa Gani?

Jioni ya tarehe 25 Juni 2024 nilikuwa Delhi, nimekaa juu ya godoro, simu mkononi, nikitazama moshi ukitoka kwenye Bunge la nchi yangu. Mdogo wangu alikuwa tao na simu yake ilikuwa haishiki. Jamaa niliyeishi naye chumba kimoja, ambaye nilimwita Bhai kama yeye alivyoniita mimi, aliinua macho kutoka kwenye daftari. Nikamweleza: Mswada wa Fedha, ushuru, IMF, vijana, risasi. Alinisikiliza kwa makini kweli. Kisha akachukua kalamu, akaniuliza, "Sasa bhai, hii ni ya pepa ya pili ama ya tatu?"

Hakuwa na ubaya. Bhai alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa UPSC, tume ya utumishi wa umma ya India, ule unaotoa maafisa wa IAS wanaoendesha wilaya, wizara na majiji ya nchi ile. Katika mtihani huo, pepa ya pili ya maarifa ya jumla ni ya katiba, utawala na uhusiano wa kimataifa. Ya tatu ni ya uchumi, mazingira, usalama na majanga. Sisi tuliangukia katikati. Asubuhi nilikuta tumeshaingia daftarini, mistari minne, chini ya ule uliokuwepo tangu zamani unaosema kwamba makao makuu ya UNEP yako Nairobi.

Siku hizi nikisimulia habari za mtihani huo hapa nyumbani, watu huniambia, "Maze, si tungekuwa na kitu kama hicho!" Naelewa. Hapa tumezoea kazi za serikali za kujuana, za mjomba fulani na bahasha. Kule mtoto wa mkulima anaweza kufunga mlango miaka mitatu, asome, apite, kisha awe mkuu wa wilaya yenye watu milioni mbili bila kumpigia mtu yeyote simu. Hilo ni jambo kubwa na sitalikejeli. Mwaka 2023 walioomba walipita milioni moja, waliokaa mtihani walikuwa karibu laki sita, na waliochukuliwa mwishoni ni 1,016. Hao wengine hawakuibiwa. Walishindwa tu, na wengi wakarudi kujaribu tena, mpaka mara sita kwa asiye na nafasi maalum.

Ugomvi wangu hauko kwenye haki ya mtihani. Uko kwenye kile unachoufanyia ulimwengu, hasa kile kipande kinachoitwa matukio ya sasa.

Hebu nikuonyeshe Bhai alivyosoma gazeti. Kila asubuhi, The Hindu au Indian Express, saa mbili nzima, kalamu za rangi tatu. Siasa za vyama, ruka. Uhalifu, ruka. Ajali, ruka. Filamu na kriketi, ruka. Kinachobaki ni sheria mpya, hukumu za Mahakama ya Juu, mikataba, ripoti, majina ya mbuga na wanyama walio hatarini. Mwisho wa mwezi ananunua muhtasari wa habari zile zile alizosoma, kwa sababu kituo cha tuisheni kimezichambua kwa ajili yake. Karibu na mtihani ananunua muhtasari wa mihtasari. Habari inaanza ikiwa na watu ndani yake. Ikifika mwisho imebaki nukta.

Kisha inakuja raundi ya kuandika. Maswali 20, saa tatu, yaani dakika tisa kwa kila swali. Jibu lina umbo lake: utangulizi, hoja za huku, hoja za kule, na mwisho kabisa aya ya matumaini inayoitwa njia ya kusonga mbele. Usiegemee upande. Usikasirike. Bhai aliwahi kunisomea jibu lake kuhusu wakulima wanaojiua kwa sababu ya madeni, na manze lilikuwa safi: sababu tano, mipango minne ya serikali, njia ya kusonga mbele. Baba yake ni mkulima na ana deni. Hilo halikuwa kwenye jibu. Lingempotezea muda.

Utaniambia afisa wa serikali anapaswa kuwa na kichwa kilichotulia. Sawa. Lakini kutulia ni kitu kimoja, na kufundishwa kwa miaka sita kwamba kila msiba ni wa kupangwa kwenye faili yake na kwenda kwa mwingine ni kitu kingine.

Mwezi mmoja baada ya jioni ile, Jumamosi ya tarehe 27 Julai, mvua ilinyesha Delhi. Mtaa wa Old Rajinder Nagar, uliojaa vituo vya tuisheni ya UPSC, ulifurika. Maji yaliingia kwenye maktaba ya kituo kimoja iliyokuwa chini ya ardhi. Ilijaa kwa dakika chache. Wanafunzi watatu, wasichana wawili na mvulana mmoja, walikufa maji wakiwa walikokwenda kusoma. Baadaye ikajulikana kwamba chumba hicho kilikuwa na kibali cha stoo na maegesho, si cha maktaba.

Mafuriko ya mijini ni topiki. Iko pepa ya tatu, sehemu ya majanga. Mwaka 2016 iliulizwa waziwazi: sababu zake ni zipi, na miji ijiandae vipi? Tangu hapo kila kituo kina jibu lake tayari: mitaro iliyoziba, ujenzi usiofuata sheria, uratibu mbovu wa idara. Vijana wale wangeweza kukupa hoja hizo usingizini. Na jiji la Delhi linaongozwa na nani? Kamishna wake ni afisa wa IAS. Hakuna mtu katika kisa hiki, aliye juu wala aliye chini, ambaye hakulijua jibu.

Isitoshe, mwezi mmoja hivi kabla, mwanafunzi mmoja alikuwa amepeleka malalamishi rasmi serikalini, akisema maktaba hiyo ya chini ya ardhi inaendeshwa bila kibali na ni hatari. Huyo ndiye aliyesoma matukio ya sasa. Aliyaona kwenye ngazi anazoshuka watu, akachukua hatua, bila maksi yoyote. Malalamishi yake yalikaa.

Vijana walitoka, na ni lazima niseme hivyo. Walikaa barabarani siku kadhaa, wakidai majibu. Bhai alienda. Alirudi usiku sauti imekauka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza habari za India bila hoja za huku na za kule. Alitukana. Siku ya tatu hakwenda. Alikuwa amepita raundi ya kwanza, na raundi ya kuandika ilikuwa Septemba. Nilimkuta mezani, ukurasa mpya, kichwa cha habari kimepigiwa mstari: usalama wa majengo mijini. Hakunitazama. Mimi pia sikumuuliza ni ya pepa gani.

Simlaumu. Nailaumu biashara inayouza habari kwa kilo, na tume inayodhani kwamba anayeweza kuorodhesha sababu tano za mafuriko atafungua mtaro. Mtihani ungeweza kuuliza: taja jambo moja bovu mtaani kwako, ulifanya nini, nani alikukatalia? Jibu kama hilo kituo hakiwezi kukuuzia.

Nasi tusijichekee. Juni ile tuliusoma Mswada wa Fedha kifungu kwa kifungu, watu wakautafsiri kwa lugha za kwao, mama mboga akajua ushuru gani unagusa mkate. Hakuna aliyetupa maksi, na ndiyo maana tulielewa. Lakini naona tunavyoanza kuwageuza waliouawa kuwa tarehe, tarehe kuwa posti, posti kuwa muhtasari wa dakika moja. Mdogo wangu alipatikana saa nne usiku ule, hai. Kuna nyumba ambazo simu haikushika tena. Ukiwakumbuka, usiwape mistari minne.