Soko la Muziki Lapanuka, Nsimba ya Wafipa Bado Iko Nje ya Studio

Kijana wa Sumbawanga anayetaka kurekodi wimbo leo halazimiki kusafiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam. Kompyuta moja na kipaza sauti vinatosha. Hata hivyo, katika stendi na maduka ya mji huo, midundo inayosikika zaidi ni ile ile ya Bongo Fleva na amapiano inayovuma kwingineko nchini.

Chanzo si uvivu wa vijana, kama baadhi ya wazee wanavyodai. Tangu Sheria ya Huduma za Utangazaji ya mwaka 1993 ilipofungua milango kwa redio binafsi, vituo vimekuwa vikishindania matangazo ya biashara, na wimbo uliokwisha kupendwa ndio usio na hasara. Mirabaha nayo hufuata wimbo unaopigwa mara nyingi. Mtayarishaji mdogo wa Rukwa huona ni salama kununua mdundo uliokamilika, wenye kasi isiyobadilika na urefu wa dakika tatu. Nsimba, ngoma ya Wafipa, haikai vizuri katika kipimo hicho; mwimbishaji huirefusha kadiri waitikiaji na wachezaji wanavyochangamka.

Haifai kudhani kuwa zamani palikuwa peponi. Wanamuziki wengi waliorekodi Radio Tanzania hawakupata mirabaha, ingawa nyimbo zao zilirushwa kwa miongo kadhaa. Wala biashara haiui ubunifu daima. Singeli ilizaliwa katika mitaa ya uswahilini ya Dar es Salaam, nje ya studio kubwa, na soko likaifuata baadaye. Tofauti ni kwamba singeli ilikuwa karibu na soko hilo. Ufipa iko mbali.

Jambo zito zaidi ni la umiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 humtambua mtunzi, lakini nsimba haina mtunzi mmoja. Sheria hiyo hiyo inalinda sanaa za jadi, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili hupaswa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa. Ulinzi huo ni mgumu kutekelezwa pale ambapo ngoma yenyewe haijarekodiwa.

Hapo ndipo maafisa utamaduni wa halmashauri nne za Rukwa wana kazi ya haraka: kurekodi wapigaji wakongwe vijijini, pamoja na jina la kijiji na la kila mpigaji, kabla mtayarishaji fulani hajakata kipande cha ngoma hiyo na kukisajili kuwa chake.