Je, subira ni kosa?

Tangu utoto wetu tumefundishwa na wazee kwamba subira huvuta heri. Mtu akidhulumiwa kazini, asikimbilie tribinali siku ile ile. Atulie, aulize wenzake, azungumze na mkubwa wake, ampe nafasi ya kujirekebisha. Hiyo ndiyo adabu yetu, na hatuoni haya juu yake. Lakini iko serikali moja kubwa ambayo mtumishi wake akifuata adabu hiyo kwa siku 46, mashtaka yake hutupwa bila kusikilizwa. Serikali hiyo ni ya Marekani.

Wasomaji wapenzi, msiseme upesi: «Mambo ya Marekani yatuhusu nini?» Ni jamaa ngapi za Kivu na za Katanga zilizo na mtoto, shemeji au mjomba aliyehamia huko, wengine baada ya kukaa miaka mingi katika kambi za wakimbizi za Burundi, Uganda au Tanzania? Posta ya Marekani huandika kazini hata mtu asiye raia, mradi awe na kibali cha kukaa daima. Basi mtoto wako aweza kuwa mtumishi wa Leta ya watu kabla hajawa raia wao. Yafaa ajue sheria inayomngoja. Na yafaa sisi tuseme wazi kwamba sheria hiyo ni mbaya.

Sheria yenyewe yasemaje? Mtumishi wa serikali kuu anayeona kwamba amebaguliwa kwa ajili ya rangi yake, dini yake, nchi alikotoka, au kwa kuwa ni mwanamke, hawezi kwenda moja kwa moja mbele ya hakimu. Kwanza yampasa kumwendea mshauri aliyewekwa na idara yake kwa mambo hayo, na yampasa kumwendea katika siku 45 tangu tendo lile. Ni siku za kalenda, Dominika na siku kuu zikihesabiwa ndani. Mshauri hupewa siku 30 za kujaribu kuwapatanisha. Akishindwa, humpa mlalamikaji barua, na tangu kuipokea barua hiyo mtu ana siku 15 tu za kuandika mashtaka rasmi. Akichelewa, mashtaka hutupwa. Na anayeyatupa ni nani? Ni idara ile ile inayoshtakiwa! Ni kweli, baadaye aweza kukata rufani mbele ya Tume ya Nafasi Sawa za Kazi, lakini tayari yuko nje ya mlango anagonga.

Sasa tulinganishe. Mfanyakazi wa duka, wa kiwanda au wa benki katika nchi hiyo hiyo, akibaguliwa namna ile ile, hupewa siku 180, na katika majimbo mengi siku 300. Makarani wa Bunge la Marekani, watu wanaowafanyia kazi hao wanaotunga sheria, nao wana siku 180. Gari la posta likigonga ukuta wa nyumba yako, una miaka 2 ya kudai fidia. Mfanyabiashara aliyeiuzia serikali viti na meza, akiona hakulipwa sawasawa, ana miaka 6. Na serikali yenyewe, ikitaka kuchunguza kodi uliyolipa, kwa kawaida hujipa miaka 3. Ukuta miaka miwili, viti na meza miaka sita, mtu aliyedharauliwa kwa sababu ya ngozi yake siku arobaini na tano. Je, ni haki hiyo?

Tena ubaguzi si ukuta uliogongwa, kwamba kila apitaye auone. Wazee wetu waliokuwa makarani kabla ya 1959, wakati Mbelgiji na Mkongo walipokuwa na sheria mbili mbalimbali za utumishi, hawakuhitaji kupeleleza: ubaguzi uliandikwa katika sheria yenyewe, kila mtu akausoma. Ubaguzi wa leo umejificha. Unaambiwa tu: «Safari hii cheo amepewa mwingine.» Huambiwi kwa nini. Unajipa moyo kwamba labda mwenzako amekushinda kweli. Miezi mitatu baadaye unasikia kwamba aliyepewa hana hata nusu ya miaka yako ya kazi, na kwamba wote waliowahi kupewa ni wa rangi moja. Siku unapofumbuka macho, unakuta kalenda imekwisha kukutangulia.

Nitawapa mfano wa mtu mmoja, maana kesi yake ilifika mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile na imeandikwa wazi. Anaitwa Marvin Green, mtu mweusi, mkuu wa posta katika mji wa Englewood, jimbo la Colorado. Alikuwa ameitumikia posta miaka mingi. Mwaka 2008 aliomba cheo cha juu zaidi, hakukipata, akalalamika kwamba amenyimwa kwa sababu ya rangi yake. Tangu hapo mambo yakaharibika. Mwaka 2009 wakubwa wake walimshtaki kwamba amezuia barua makusudi, kosa ambalo huko ni la jinai. Tarehe 16 Desemba 2009 alitia sahihi mapatano: ama astaafu, ama aende kufanya kazi Wamsutter, kijiji kidogo katika jimbo la Wyoming, kwa mshahara mdogo zaidi. Green akafikiri. Tarehe 9 Februari 2010 aliandika barua ya kuacha kazi. Tarehe 22 Machi akamwendea mshauri, akasema: «Nimelazimishwa kuondoka.»

Hesabuni nanyi. Tangu barua ya kuacha kazi zilikuwa zimepita siku 41: yuko ndani ya wakati. Tangu mapatano zilikuwa zimepita siku 96: amechelewa. Tribinali mbili, ya kwanza na ya rufani, zilihesabu tangu mapatano, zikamfukuza. Ilimbidi apande mpaka Mahakama Kuu, na huko tarehe 23 Mei 2016, majaji saba kati ya wanane wakaitangua hukumu hiyo. Wakasema: kwa mtu anayelazimishwa kuacha kazi, siku zihesabiwe tangu alipotoa habari ya kuacha. Twawashukuru. Lakini tazameni miaka: tangu 2010 mpaka 2016! Miaka sita mawakili na majaji walibishana juu ya kalenda. Hata siku ile majaji hawakusema kama Green alibaguliwa au hakubaguliwa. Wala hawakukata shauri ni tarehe gani hasa alitoa habari ya kuacha kazi, bali walilirudisha jambo hilo chini likaangaliwe tena. Watetezi wa siku 45 husema kwamba muda mfupi waharakisha haki. Haraka hiyo iko wapi?

Nisiwadharau watetezi hao, maana wana maneno mawili yenye uzito. La kwanza, kwamba shauri likikawia, mashahidi husahau na karatasi hupotea. Ni kweli. Lakini katika kazi ya serikali karatasi ziko mikononi mwa nani? Barua za kupandisha cheo, orodha za walioomba, maksi walizopewa, vyote viko katika kabati za idara. Mfanyabiashara mdogo aweza kusema ofisi yake imeungua na hana nakala. Serikali inayotunza karatasi za kodi za miaka haiwezi kusema kwamba kwa siku ya 46 imekwisha kusahau.

La pili, husema kwamba siku 45 si za kuandika kesi nzima. Ni za kumpigia mshauri simu tu, naye haruhusiwi kulitaja jina la mlalamikaji katika hatua hiyo bila ruhusa yake. Hili nalo ni kweli, na ni jambo jema. Lakini wenye kusema hivyo, nadhani hawajafanya kazi katika posta ya mji mdogo yenye watu sita. Mshauri akianza kuuliza juu ya cheo alichonyimwa mmoja wao, nani hatajua ni yupi aliyesema? Na mgeni aliye katika miezi yake ya kujaribiwa, ambaye mshahara wake ndio unaolipa nyumba na unaotumwa Bukavu kwa mama yake kila mwezi, kwake simu hiyo si kitu kidogo. Atangoja. Atazungumza kwanza na sendika yake. Atamwandikia mkubwa wa mkubwa wake barua ya heshima. Na siku zinakimbia, kwa maana hakuna hata moja katika hayo inayozisimamisha.

Hayo hayakuanza leo. Columbus Ricks alikuwa mwalimu kutoka Liberia, Mwafrika kama sisi, aliyefundisha katika chuo cha jimbo la Delaware tangu 1970. Mwaka 1974 wakuu wa chuo walikataa kumpa kazi ya kudumu, wakampa mkataba wa mwaka mmoja wa mwisho. Yeye alifanya kama mtu mwenye adabu: alipeleka malalamiko mbele ya kamati ya chuo chenyewe, akangoja jibu, huku akiendelea kufundisha. Baadaye akashtaki kwamba amebaguliwa kwa sababu ya nchi alikotoka. Mwaka 1980 Mahakama Kuu ikamjibu, majaji watano dhidi ya wanne: umechelewa. Siku zilianza kuhesabiwa tangu ulipoambiwa kwamba hutapewa kazi ya kudumu, si tangu siku kazi ilipokwisha. Na kungoja kamati ya chuo hakukuzisimamisha. Kwa maneno mengine, alipaswa kumshtaki bwana wake huku angali akimtumikia, na huku bwana huyo angali akisema: «Ngoja, tunalitazama jambo lako.»

Siku zilizowekwa kwa serikali yenyewe je? Idara ina siku 180 za kuchunguza mashtaka. Ikizipita, mlalamikaji aweza kuomba hakimu wa Tume, au kwenda mahakamani kwa gharama yake, na hakimu aweza kuiadhibu idara. Lakini idara haishindwi kesi kwa kuchelewa tu. Mtu akichelewa siku moja, ameshindwa. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, kuliko hata katika ile hesabu ya 45.

Ziko nafasi za kusamehewa, nami sitazificha: mtu aliyekuwa hajui muda huo na hakujulishwa, mtu ambaye hangeweza kujua kwamba ametendewa, mtu aliyezuiwa na jambo lisilo katika uwezo wake. Lakini mzigo wa kueleza ni wake, na tangazo likiwa limebandikwa ukutani karibu na mlango, ataambiwa: «Ulikuwa unalipita kila asubuhi.»

Wengine watasema sheria ni sheria. Hapana, siku hizi 45 hazikuandikwa na Bunge. Zimeandikwa na Tume katika kanuni zake, na mpaka 1992 zilikuwa 30. Waliona 30 ni chache mno, wakaongeza 15. Na hata Bunge likitaka laweza. Bibi Lilly Ledbetter, aliyelipwa chini ya wanaume katika kiwanda cha mipira ya magari huko Alabama, alishindwa mbele ya Mahakama Kuu mwaka 2007 kwa sababu ya siku 180. Tarehe 29 Januari 2009 Rais Obama alitia sahihi sheria yenye jina la bibi huyo: kila mshahara wa kibaguzi unaolipwa waanzisha hesabu upya, na watumishi wa serikali wamo. Lakini sheria hiyo ni ya mshahara. Cheo ulichonyimwa, kufukuzwa, kuhamishwa, bado ni 45. Basi Tume iandike 180, kama kwa mwenye duka. Haihitaji kura hata moja ya Bunge.

Mpaka hapo, mwenye mtoto katika posta ile au katika hospitali za askari wastaafu amwandikie hivi: Siku unapoambiwa neno, andika tarehe. Usingoje jibu la sendika, wala la mkubwa. Mpigie mshauri kabla ya siku ya 45, kisha umwandikie pia, ubaki na nakala. Na barua yake ya mwisho ikifika, hesabu 15 tangu siku ile uliyoipokea mkononi.