Si Nyongeza, Ni Fungu Jingine

Sokoni kwetu nyongeza hailipiwi. Ukinunua fungu la nyanya, unasimama kidogo mbele ya meza na kumwambia mama, "Niongezee basi," naye anachagua nyanya moja au mbili na kuzitia kwenye mfuko wako. Hiyo ndiyo nyongeza. Ni heshima baina ya muuzaji na mteja, na muuzaji atakayeitoza pesa atasemwa soko zima.

Nadhani ugomvi wetu na nyongeza za gemu ulianzia hapo. Umeshalipia gemu yako, umeicheza, umeipenda. Baada ya miezi kadhaa watengenezaji wanatoa sehemu mpya ya kupakua, ile ambayo wachezaji wanaiita DLC, na wanataka pesa tena. Vijana kwenye vibanda vya PlayStation, kuanzia Temeke hadi Kisumu, wana hukumu moja: huo ni wizi. Wanasema gemu imekatwa vipande ili iuzwe mara mbili, na mwenye akili hucheza za bure. Nimeisikia hukumu hiyo mara nyingi kiasi kwamba watoto sasa wanaipokea kama wanavyopokea methali, bila kuuliza.

Naipinga yote, mwanzo na mwisho wake. Nyongeza iliyofanyiwa kazi ndiyo biashara safi kuliko zote katika ulimwengu wa gemu, na hiyo bure tunayoikimbilia ndiyo inayotumaliza. Kosa letu liko kwenye jina. Tumeiita nyongeza, tukategemea ya sokoni, kumbe tunachouziwa ni fungu jingine.

Wanaolalamika huanza na zamani. Zamani, wanasema, ulinunua gemu nzima, hakuna cha kuongeza. Si kweli. StarCraft ilitoka mwaka 1998, na mwaka huohuo ikafuatiwa na Brood War, fungu la pili lililouzwa kwa bei yake. Age of Empires II ilitoka 1999, na mwaka 2000 ikaja The Conquerors, nayo ikauzwa dukani ndani ya boksi lake. Kilichobadilika ni njia: zamani fungu la pili lilikuja kwenye CD, sasa linakuja kwa intaneti.

Kwa nini basi sisi tunakumbuka gemu nzima? Kwa sababu wengi wetu hatukununua boksi. Tulinunua CD za kuchoma, za bei ya chini, na aliyezichoma alishaweka humo gemu pamoja na nyongeza yake. Tukakua tukiamini kwamba dunia yote ilikuwa hivyo. Siwalaumu tuliokuwa watoto wakati ule. Hatukuwa na njia nyingine, na nami nilikuwa mmoja wao. Lakini kumbukumbu ya kitu ambacho mtengenezaji wake hakulipwa haiwezi kuwa kipimo cha bei halali.

Sasa tuangalie fungu lenyewe. Mei 2015 kampuni ya CD Projekt Red ya Poland ilitoa The Witcher 3: Wild Hunt, gemu ndefu, yenye hadithi iliyokamilika. Aliyeimaliza hakuachwa njiani. Oktoba mwaka huo ikaja nyongeza ya kwanza, Hearts of Stone, kwa dola 10, na Mei 2016 ikaja ya pili, Blood and Wine, kwa dola 20. Hiyo ya pili ina nchi nzima mpya, Toussaint, yenye mashamba ya mizabibu, mashujaa wake, desturi zake na nyumba ambayo mhusika mkuu anapewa apumzike baada ya maisha ya kutangatanga. Mwisho wa mwaka huo Blood and Wine ilishinda tuzo ya gemu bora ya uigizaji wa wahusika kwenye The Game Awards, ikizishinda gemu kamili. Mwaka 2024 Shadow of the Erdtree, nyongeza ya Elden Ring iliyouzwa dola 40, ilifika kwenye orodha ya wanaowania tuzo ya gemu bora ya mwaka kwenye jukwaa hilohilo. Vipande vilivyokatwa kwenye gemu na kufichwa havifiki huko.

Wengine husema wanapima kwa saa: dola kadhaa, saa kadhaa, gawanya. Kipimo hiki kinaonekana cha haki lakini kinapotosha. Hearts of Stone ni ya saa kumi hivi, kidogo sana ukilinganisha na gemu yenyewe. Ndani ya saa hizo kuna Olgierd, mtu aliyefanya mapatano na muuza vioo aitwaye Gaunter O'Dimm. Alipata alichokiomba, na katika kukipata moyo wake ukageuka jiwe, akashindwa kumpenda hata mke aliyemtafutia utajiri ili amwoe. Kuna pia usiku mmoja wa harusi ambapo mhusika wako anapandwa na roho ya ndugu yake Olgierd, naye anacheza ngoma, anakunywa na kubembeleza wanawake kwa ulimi usio wake. Nimecheza gemu za saa mia moja ambazo hazikuniachia kitu, na saa hizo kumi bado ninazo. Hatupimi riwaya kwa kilo. Kwa nini tupime hadithi hii kwa saa?

Lipo pingamizi moja zito, nami silikwepi. Dola 20 ni karibu shilingi 50,000 za Tanzania, au 2,600 hivi za Kenya. Kwa familia nyingi hizo ni pesa za chakula cha siku kadhaa. Watengenezaji wanapanga bei kwa mifuko ya Marekani na Ulaya, kisha wanamwachia kijana wa Mwanza atafute mwenyewe. Hilo ni baya na inafaa tulipigie kelele. Ila ghali na wizi ni maneno mawili tofauti, na anayeyachanganya hujinyima nafasi ya kumtambua mwizi wa kweli anapopita mbele yake.

Wezi wa kweli wamekuwapo hata ndani ya nyongeza, na sitawatetea. Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza mavazi ya chuma ya farasi ndani ya gemu yake Oblivion kwa dola mbili na nusu. Kwa sehemu kubwa ni pambo, halina hadithi. Mwaka 2012 wachezaji wa Street Fighter x Tekken waligundua wahusika 12 waliokuwa tayari ndani ya diski waliyoinunua, wamefungiwa kwa kufuli la kulipia. Hasira yao ilikuwa ya haki, kwa sababu pale ndipo gemu ilipokatwa kweli na mnunuzi akauziwa kitu chake mwenyewe. Lakini tazama: kampuni ileile ya mavazi ya farasi, kwa gemu ileile, mwaka 2007 ilitoa Shivering Isles, visiwa vizima vya mungu mwendawazimu, kwa dola 30. Mama mmoja alizaa wote wawili, na aliyewachoma kwenye moto mmoja alimwonea mmojawapo.

Tena sisi Waafrika tuna sababu yetu ya kutozitukana nyongeza. Gemu kuu hutengenezwa kwa soko pana, na wanaopanga soko hilo hawatuanzi sisi. Katika Civilization VI, Misri na Kongo zilikuwamo tangu mwanzo, mwaka 2016. Waliobaki walikuja kwa kulipiwa: Nubia mwaka 2017, Wazulu 2018, Mali ya Mansa Musa 2019, Ethiopia ya Menelik wa Pili 2020. Age of Empires II nayo ilisubiri hadi mwaka 2015 ndipo wakaja Waethiopia, Wamali na Waberberi ndani ya nyongeza iitwayo The African Kingdoms. Humo kuna pia kampeni ya Francisco de Almeida, Mreno yuleyule aliyeiteka Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Inauma kwamba hadithi hiyo inachezwa kutoka upande wa mwenye mizinga. Hata hivyo mlango ni huohuo. Siku Kilwa itakapochezwa kutoka ndani ya kuta zake, nina hakika haitaanza kama gemu kubwa ya mamilioni ya dola. Itaanza kama fungu la pili, lililofanywa na watu wachache waliopewa nafasi ya kujaribu, na litakufa kama sisi wenyewe tumeshazoea kusema kwamba kulilipia ni ujinga.

Nije sasa kwenye bure. Mtoto wa kaka yangu ana miaka kumi na saba na ana gemu ya mpira kwenye simu. Nilipomwambia nimenunua nyongeza ya gemu, alinihurumia kwa dhati. "Shangazi, mimi silipi kitu, yangu ya bure." Nikamwomba tufungue jumbe za malipo kwenye simu yake, tukakaa sebuleni na karatasi tukajumlisha. Shilingi 500, 1,000, 2,000, tena 500. Hakuna hata mara moja alipolipa zaidi ya 5,000. Kuanzia Januari hadi Aprili zilikuwa zimeondoka shilingi 186,000. Alinyamaza muda mrefu. Pesa hizo zingenunua nyongeza zote mbili za Witcher mara mbili na chenji ingebaki, naye hakuwa na kitu cha kunionyesha ila wachezaji kadhaa wa kwenye kadi, wale ambao msimu ujao watakuwa wamepitwa.

Bandu bandu huisha gogo. Hakuna anayeangusha gogo la shilingi 186,000 kwa shoka moja bila kufikiri, na gemu ya bure inalijua hilo, ndiyo maana inakuomba kijiti kimoja kila siku. Kibaya zaidi, haikuambii unachonunua. Unalipia pakiti iliyofungwa ukitumaini ndani yake yumo mshambuliaji unayemtaka. Huyo ni mbuzi kwenye gunia. Ubelgiji waliliona mapema: Aprili 2018 tume yao ya michezo ya kubahatisha ilisema makasha ya bahati yaliyokuwa ndani ya FIFA 18, Overwatch na Counter-Strike: Global Offensive yanavunja sheria ya kamari, na Januari 2019 EA ikaacha kuuza huko sarafu za FIFA za kununulia pakiti. Marekani nako, Desemba 2022, kampuni ya Epic Games, yenye gemu ya bure ya Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520. Kati ya hizo, milioni 245 zilikuwa za kuwarudishia wateja ambao tume ya biashara ya serikali ilisema walivutwa kwa hila wakalipia vitu wasivyokusudia. Gemu ya bure haiwezi kurudisha pesa kiasi hicho kama kweli haikuwa ikichukua.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyongeza nzuri imekaa mezani kwake. Inakuambia bei, inakuambia kilichomo, watu wameshaicheza na kuisema, na ukishalipa hairudi kukuomba tena. Gemu ya bure inajitembeza: inakuamsha asubuhi kwa kengele, inakupa zawadi ya kuingia leo, inakuonya kwamba punguzo linakwisha baada ya saa mbili, inakufanya ujione umechelewa. Iliyokuwa nyongeza ya sokoni, ile nyanya ya heshima, imeifanya chambo.

Kwa hiyo namna ya kununua ni ile tunayoijua tangu utoto. Usilipie fungu kabla halijapangwa mezani. Hata zile tiketi za msimu, zinazouza nyongeza ambazo hazijatengenezwa, ni gunia lilelile. Maliza kwanza gemu uliyo nayo, maana ikiwa haikukushika, fungu lake la pili halitakushika. Subiri, kwa sababu bei za nyongeza hushuka, na aliyesubiri mara nyingi hulipa pungufu kwa kitu kilekile. Uliza wenye kuicheza kama gemu ya kwanza ilisimama yenyewe bila hiyo. Ikiwa haikusimama, umekatiwa, acha. Ikiwa ilisimama, na kilichoongezwa ni kazi mpya ya mikono ya watu, lipa bila aibu, kama unavyomlipa fundi anayekushonea gauni la pili.

Yule mtoto wa kaka yangu aliifuta gemu ile kwenye simu, na likizo iliyofuata nikamnunulia Hearts of Stone kwa bei ya punguzo kwenye PlayStation ya baba yake, ambayo tayari alikuwa amechezea Witcher hadi mwisho. Alicheza siku nne. Usiku wa nne nilikuwa jikoni niliposikia kimya, akatokea mlangoni na macho mekundu ya usingizi. "Shangazi, imeisha," akasema. Katika miezi minne ya gemu yake ya bure hakuwahi kulisema neno hilo hata siku moja. Akaniuliza kama ningemwacha Olgierd achukuliwe na O'Dimm au ningemwokoa, tukabishana mpaka chai ikapoa. Kisha akaenda kuzima mashine, akalala.