Malindi Ianzie Sokoni

Mgeni akifika Malindi hupelekwa kwanza kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Atasimuliwa jinsi Mreno yule alivyotia nanga Aprili 1498 na jinsi mfalme wa hapa alivyompa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Habari ni ya kweli, ila ni ya mpita njia.

Mimi ningempeleka sokoni. Muuza nafaka anachota mahindi kwa gorogoro, anajaza hadi yanafanya kichuguu, na bado mnunuzi anasema, "Niongeze, mama." Teko moja linamiminwa juu ya bei. Na nafaka ndiyo iliyoufufua mji huu. Malindi ilikuwa magofu na vichaka hadi ilipokaliwa tena mwaka 1861, enzi za Sayyid Majid wa Unguja. Haikuchukua muda, majahazi yakawa yanapakia mtama na ufuta kwenda Uarabuni.

Mtama ule ulilimwa na watumwa, na hapo ndipo wasimulizi wetu wengi hukatisha habari. Waliotoroka walikimbilia bara, wakajenga makazi kama Fuladoyo, jirani na Wagiriama. Utumwa ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1907, kwa hiyo si mambo ya kale sana. Wapo wazee waliolelewa na bibi aliyeyaona, na kila mmoja wao akizikwa, tunazika na alichokijua.

Sifa, hata hivyo, huenda kwingine: Gedi, mji wa magofu jirani na Malindi, iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2024, na kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ziliitangulia mwaka 2008. Nimefurahi kwa zote. Lakini Gedi haikaliwi na mtu. Shela, mtaa mkongwe wa Malindi wenye Msikiti wa Ijumaa na makaburi ya nguzo, una watu, na mrithi wa nyumba yenye dari inayovuja hawezi kula sifa ya mji. Akishindwa kuikarabati, atauza.

Watasema watalii wanafuata nguzo, na fedha ziko huko. Kweli, na nguzo itunzwe. Ila sehemu ya fedha hizo iende kwenye dari za Shela, na nyingine ilipie watu wa kukaa na wazee kurekodi wanayoyakumbuka. Na pale sokoni, penye magorogoro, pawekwe bango kwa Kiswahili na Kigiriama linaloeleza nani alilima mtama uliojaza majahazi yale.