Wito kwa Watu wa Kamina juu ya Kifaduro

Ndugu zangu wa Kamina, ninyi mliozaliwa hapa na ninyi mlioletwa na njia ya reli, nawasihi mtege sikio juu ya maradhi tuliyozoea kuyahesabu kuwa ya watoto, ilhali aghalabu mtoto huyapata kwa mkubwa anayempakata.

Kifaduro huanza kwa upole, mithili ya mafua: kamasi, homa kidogo, kikohozi chepesi, na katika wiki hizo moja au mbili, ambapo hakuna anayekishuku, ndipo huambukiza kwa nguvu zaidi. Kisha kikohozi huja mfululizo bila nafasi ya kupumua, uso ukaiva, hata mgonjwa apatapo pumzi huivuta kwa mlio mkali na mara nyingi akatapika, na hali hiyo yaweza kudumu wiki kumi. Mtoto mchanga hana nguvu za mlio huo. Yeye husita kupumua tu, midomo ikageuka samawati. Huyo apelekwe hospitali saa ile ile, iwe usiku iwe mchana.

Mkubwa naye hukohoa wiki nyingi pasipo mlio, akalaumu vumbi la kiangazi.

Tangu wanasayansi Jules Bordet na Octave Gengou walipotangaza mjini Brussels, mwaka 1906, kwamba wamekiotesha kijidudu cha kifaduro, elimu haikukosekana. Chanjo nayo imo katika sindano ya mchanganyiko anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Lakini tazameni pengo: kabla ya wiki ya 6 mtoto hana kinga hiyo, na sindano ya pepopunda aliyochomwa mamaye haimhifadhi na kifaduro. Muda huo hana mlinzi ila sisi.

Kwa hiyo naomba tuafikiane kwamba mwenye kikohozi asimbebe mtoto mchanga, hata awe nkambo wake, yaani babu au bibi. Najua uzito wa neno hili kwetu, ambako mtoto akizaliwa hupokezwa mikono ya ukoo mzima na kumnyima mtu ni kama kumfukuza. Hata hivyo nasema mama akikataa asilaumiwe, na mgeni mwenye mapenzi ya kweli angoje.

Aliyekohoa zaidi ya wiki mbili aende kituo cha afya, apimwe na kifua kikuu pia, aseme wazi kama nyumbani kuna mchanga. Dawa aliyoandikiwa na tabibu, akiinywa barabara, humwondolea uambukizaji baada ya siku tano. Vidonge vya kubahatisha vya barabarani havina dhamana hiyo.

Mwaka 2017 polio ilipozuka katika jimbo letu la Haut-Lomami, ilidhihirika kuwa chanjo haikuwafikia watoto wote. Basi wakuu wa mitaa, wachungaji na mapadri wawaandike watoto wachanga mtaa kwa mtaa, waulize habari ya sindano ya tatu kama waulizavyo habari ya ubatizo. Na mama akishindwa na umbali, jirani mwenye baiskeli ampeleke.